Baraza Si Kiti cha Mvivu

Mjukuu wangu, ambaye wazazi wake wamehamia Nairobi kwa ajili ya riziki na ambaye hutujia Mombasa kila likizo ya Desemba, alinijia asubuhi moja, yapata saa nne, nikiwa nimeketi barazani pamoja na jirani zangu wawili, akanibusu mkono kwa adabu yake ya siku zote, kisha akaniuliza kwa sauti isiyokuwa na ufidhuli wala dhihaka: "Babu, kwa nini watu wa hapa hawafanyi kazi?" Nilimwuliza neno hilo amelipata wapi. Akasema kwamba shuleni wenziwe humwambia kuwa watu wa pwani ni wavivu, na kwamba mwalimu mmoja, alipomkemea mtoto aliyesinzia darasani, alimwambia asiwe kama mtu wa Mombasa. Sikumkasirikia mtoto. Lakini maneno yale yalinikaa kifuani mchana kutwa, kwa sababu tuhuma hii nimeisikia tangu ujana wangu katika vinywa vya wakubwa wa kazi, vya wasafiri, vya wanasiasa na vya wafanyabiashara, nikaizoea kama mtu azoeavyo mbu. Ila sikuwa nimepata kuisikia katika kinywa cha damu yangu mwenyewe, tena mbele ya kiti alichokijenga babu yangu kwa mikono yake.

Dhana yenyewe, nikiieleza kwa insafu kama waisemavyo wenyewe, ni hii: kwamba mtu wa pwani amezaliwa katika nchi ambayo nazi humwangukia na samaki humjia, kwamba joto limemlegeza viungo, kwamba hupenda kivuli, kahawa na soga kuliko jembe na shoka, na kwamba kila kazi ya maana inayoonekana katika miji ya pwani imefanywa na watu waliotoka bara au ng'ambo. Wakitakiwa burhani, hawaendi mbali. Hunyoosha kidole kwenye baraza zetu, wakasema, tazameni, saa nne za asubuhi, watu wazima wenye nguvu zao wamekaa. Wako pia waisemao dhana hiyo hiyo kwa mapenzi, na siku hizi hawa ndio wengi, maana biashara ya utalii imewafunza hivyo. Kwao kukaa kwetu ni utulivu wa watu wasiojua dhiki ya saa, nao hurudi kwao na fulana zilizoandikwa "pole pole" na "hakuna matata", haya ya mwisho yakiwa maneno ambayo filamu ya Marekani iitwayo The Lion King iliyatawanya duniani kote tangu 1994, ingawa mzee wa Mji wa Kale akitaka kumwondolea mtu wasiwasi atamwambia, hapana neno. Anisifuye kwa kutokuwa na haraka na anilaumuye kwa uvivu wameona kitu kimoja, na wamekikosa kitu kimoja. Hata hiyo pole pole yetu ni neno la nahodha pia, aingizaye chombo katika mlango wa bahari wenye miamba kushoto na kulia, ambaye akifanya papara atazama yeye, mabaharia na shehena ya watu.

Nataka kuipinga dhana hii, wala siipingi kwa kuomba radhi.

Tuanze na watu watatu waliokuwa wameketi asubuhi ile. Mmoja ni mimi, niliyehesabu shehena katika magati ya Kilindini miaka thelathini na moja, mchana na usiku, mpaka nilipofikia umri wa kustaafu. Nadhani sina deni. Wa pili alikuwa ametoka katika zamu ya usiku bandarini, na alikuwa akinywa kahawa moja kabla ya kwenda kulala. Wa tatu ni mvuvi. Yeye alikuwa ameamka saa nane za usiku, akashuka ufukoni saa tisa, akatweka tanga kwa pepo za umande zitokazo nchi kavu kabla ya alfajiri, akayapindua malema yake miambani, akarudi jua likiwa juu, akauza samaki wake, akaosha chombo, akaoga, akaswali, akaja kuketi. Kwa hesabu ya ofisi, mtu huyu alikuwa amekwisha fanya kazi saa saba wakati wanaomcheka wanafungua madirisha. Tena kesho yake hangetoka saa ile ile, kwa kuwa maji ya bahari hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa muda wa dakika 50 hivi, hata saa ya kazi ya mvuvi huzunguka mchana na usiku pamoja na mwezi. Wakati wa bamvua, ambapo kina cha maji hapa kwetu hupanda na kushuka kwa zaidi ya mita tatu, hufanya kazi fulani kwa saa fulani, na wakati wa maji mafu hufanya nyingine kwa saa nyingine. Fauka ya hayo kuna misimu, kaskazi na kusi, na kusi ikikaza, vyombo vidogo hukaa pwani siku nyingi, wenyewe wakishona nyavu na kuvitia kalafati. Mpita njia wa saa nne ameyaona mapumziko, kazi hakuiona, kwa sababu kazi ilipofanywa yeye alikuwa amelala.

Na mama yangu, Mungu amrehemu, sijui angeandikwa katika daftari gani la wavivu. Kila usiku baada ya isha aliukanda unga wa mahamri kwa tui la nazi na iliki, akaufunika uumuke, akaroweka mbaazi. Saa kumi za alfajiri alikuwa amekwisha washa moto, na kabla jua halijachomoza sisi watoto tulikuwa vichochoroni na makarai vichwani, tukigonga milango ya watu. Saa tatu za asubuhi kila kitu kilikuwa kimekwisha uzwa, vyombo vimeoshwa, na mama ameketi uani na ukili wake mkononi akisuka, akizungumza na shoga zake. Mgeni angemkuta hivyo, ameketi, anacheka. Mahamri aliyostaftahi mgeni yuyo huyo saa mbili, asingejiuliza yalipikwa saa ngapi.

Lakini kosa la kutoona ni dogo. Tuhuma hii haikuzaliwa na macho tu; ilizaliwa na haja, na wenye haja hiyo wanajulikana. Utumwa ulifutwa kwa sheria Unguja mwaka 1897, na katika pwani yetu hii mwaka 1907. Watu waliokuwa watumwa walitoka mikononi mwa mabwana zao bila shamba wala mtaji, na jambo la kwanza walilolitaka, kama alitakavyo kila binadamu, ni kulima muhogo wao wenyewe katika kipande chao wenyewe na kumfanyia mwingine kazi siku waitakayo kwa ujira waukubalio. Wenye mashamba ya minazi na mikarafuu walitaka kinyume cha hayo. Na maofisa wa Kiingereza, waliokuwa wakitaka watu wa reli, wa bandari na wa mashamba kwa mshahara walioupanga wao, walitaka kinyume vile vile. Mtu asipokuja kwa mshahara huo, barua ya serikali iliandika kwamba mwenyeji ni mvivu. Mwanahistoria wa Kimarekani, Frederick Cooper, ameyafuatilia mambo haya katika kitabu alichokitoa mwaka 1980, From Slaves to Squatters, na akisomaye ataona wazi kwamba neno uvivu katika nyaraka zile aghalabu lilikuwa jina la mtu aliyekataa bei. Kisha ikaja sheria ya hati za ardhi ya 1908, na ardhi ya pwani ambayo mwenyewe hakuweza kuithibitisha kwa karatasi ikahesabiwa kuwa ni mali ya Mfalme wa Uingereza. Hata mtu aliyekuwa akilima pale alipozikwa baba yake akawa mpangaji, na anayelima kwa hofu ya kuondoshwa hapandi mnazi, kwa kuwa mnazi humtaka mtu angoje miaka sita au saba. Yule aliyemkuta hana minazi akasema, mtazameni, hata kupanda hataki.

Bandarini nako mambo yalikuwa hayo hayo. Neno kibarua, ambalo leo tunamwitia mtu wa kazi ya siku, asili yake ni barua ndogo, kile kikaratasi alichopewa mtu asubuhi aingie kazini na akaonyesha jioni apate ujira wake. Vijana wa Mombasa walikipenda kibarua kuliko kazi ya mwezi, nao walikuwa na hesabu yao: ujira wa siku gatini, tena kazi ya kubeba magunia mgongoni kutoka tumbo la meli, ulizidi kwa mbali mshahara wa mwezi ukiugawanya kwa siku, na siku zilizobaki mtu alikwenda shambani Likoni au baharini. Wakubwa waliiona hesabu hiyo kuwa ni uvivu, kwa kuwa iliwanyima watu wa kuamrishwa siku zote. Na Januari 1947, wafanya kazi wa Mombasa wapatao 15,000, wa pwani na wa bara bega kwa bega, walipoacha kazi kudai haki yao, mji ulisimama, bandari ikanyamaza, na wakubwa wale wale wakahangaika. Mimi nauliza: mji husimama vipi kwa kuacha kazi watu ambao hawakuwa wakifanya kazi?

Basi hiyo ndiyo nasaba ya tuhuma. Sasa niseme juu ya kiti chenyewe, kwa sababu hapa ndipo ninapoumia zaidi. Maana waliotuita wavivu wametukosea sisi, ila walioifanya baraza kuwa ushahidi wa uvivu wameikosea mila bora kupita zote tulizo nazo.

Nyumba ya Kiswahili ya kale imejengwa kwa sitara. Ndani ni faragha ya wanawake na watoto, na mwanamume wa nje hapiti mlango mpaka aruhusiwe. Lakini watu waliojenga hivyo walijua kwamba nyumba iliyofungwa ikiwa haina pa kumpokelea mgeni ni kaburi, kwa hiyo wakakitoa nje kipande cha nyumba, kiti cha mawe na chokaa kilichoshikamana na ukuta, pande zote mbili za mlango, wakakiweka njiani. Barazani hapana hodi. Mpagazi aliyechoka huketi, kipofu huketi, mdai huketi akamngoja mdaiwa wake, mgeni asiyejua mtaa huketi akaelekezwa. Sijui mila nyingine ambayo tajiri hutoa sehemu ya nyumba yake ikatumiwa na maskini bila kumwomba wala kumshukuru. Na hapo pana kaida zake: mkubwa hupishwa karibu na mlango, mtoto apitaye husimama akaamkia mmoja mmoja, maneno ya mtu asiyekuwapo hayakuzwi, na anayeletewa kahawa kwanza ni aliyefika mwisho. Kahawa ni ile chungu, ya muuzaji apitaye na dele lake juu ya makaa, akigongesha kikombe kwa kikombe mpaka mtaa mzima ujue kwamba alasiri imeingia.

Mimi nilisomea hapo. Juu ya kiti hicho baba alinionyesha nyota ambazo manahodha huzifuata kwenda Lamu na Unguja. Hapo mzee mmoja asiyejua kuandika jina lake alinisomesha tenzi nzima kwa moyo. Hapo gazeti moja lilisomwa na mmoja likasikilizwa na kumi, na mjadala wake ukafika usiku. Mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mvita, aliyefariki yapata mwaka 1840, yalikaa katika vifua vya watu nusu karne hata Mwalimu Sikujua akayakusanya na Mwingereza W. E. Taylor akayaandika; watu wale waliyashika vipi, na waliyarudia wapi, kama hapakuwa na mahali pa kuketi jioni na kusikilizana?

Hapo pia niliona hukumu. Ndugu wawili wa ukoo wetu walikuwa hawasemezani kwa sababu ya minazi kumi na mmoja iliyoko Mtongwe, ambayo marehemu baba yao aliipanda katika mpaka wa mashamba mawili, nusu yake ikiinamia huku na nusu kule. Mmoja alikwisha nunua karatasi za kwenda mahakamani. Wazee wakawaita barazani, kila mmoja kwa siku yake kwanza, ili asione haya mbele ya mwenzake. Kisha wakakaa nao pamoja usiku nne mfululizo baada ya isha, na usiku wa kwanza na wa pili minazi haikutajwa hata kidogo, yalitajwa maisha ya baba yao, na safari aliyowabeba wote wawili kwa ngalawa wakati wa njaa. Usiku wa tatu mdogo alilia. Usiku wa nne mkubwa alisema kwamba minazi iwe ya dada yao, ambaye hakuna aliyekuwa amemkumbuka. Hakuna aliyelipwa, hapana mhuri uliopigwa, na wana wa ndugu wale wawili wameoana. Kazi ile ya usiku nne, ambayo mpita njia angeiona kuwa ni wazee wanaopiga soga, ingechukua mahakamani miaka mingi na ingeacha uadui wa vizazi.

Wala si sisi peke yetu tuliolijua hilo. Wenye dola walipotafuta jina la mahali ambapo watu wakubwa hukutana kushauriana, hawakupata jina bora kuliko la kiti hiki: liko Baraza la Mawaziri, liko Baraza la Wawakilishi la Zanzibar, liko Baraza la Kiswahili la Taifa lililoundwa kwa sheria Tanzania mwaka 1967; na gazeti la Kiswahili lililotoka Nairobi tangu 1939, likasomwa bara na pwani, liliitwa Baraza. Watu hawaazimi jina la kilabu cha wavivu kuliweka juu ya mlango wa serikali.

Najua jibu nitakalopewa, na sitalikwepa. Nitaambiwa: wako vijana katika baraza hizo leo ambao hawakutoka baharini wala katika zamu ya usiku, waketio tangu asubuhi hadi usiku na muguka shavuni. Ni kweli, wako, na wananitia huzuni zaidi ya wanavyomtia mtu yeyote wa nje, kwa kuwa ni wetu. Lakini asiyefanya kazi kwa kuikosa na asiyefanya kazi kwa kuichukia ni watu wawili, na mwenye kuwachanganya amewadhulumu wote wawili. Na kazi yenyewe imepungua: bandarini gunia liligeuka kontena, na winchi moja ikachukua mahali pa genge zima. Kisha reli mpya ikafunguliwa Mei 2017, na mwaka 2019, ilipotoka amri kwamba makontena yapakiwe humo moja kwa moja mpaka Nairobi, watu wa Mombasa waliingia barabarani kuandamana, maana nyuma ya kila lori palikuwa na utingo, fundi, mlinzi, mama wa chakula. Wavivu hawaandamani kudai kazi. Ardhi nayo, kesi ya mwaka 1908 haijesha mpaka hivi leo. Wengi kati ya vijana hao hawana kipande chenye hati ambacho wangekiweka rehani wakapata mtaji wa mashine ya chombo.

Na nitakubali taksiri moja ambayo wakosoaji wetu, katika haraka yao ya kutuita wavivu, hawakuiona kabisa: baraza ilikuwa ya wanaume. Hukumu ya minazi ile ilimfaa dada, naam, lakini dada mwenyewe hakuitwa. Alisikiliza nyuma ya dirisha. Mama zetu walifanya kazi kuliko sisi, wakashauriana uani kwa akili isiyopungua ya wazee wa nje, na rai yao ikatufikia kwa kunong'onwa. Mtu akinijia na lawama hiyo, nitampisha karibu na mlango nimsikilize.

Kinachonitisha sasa si maneno ya watu wa mbali. Ni kwamba wenyewe tumeanza kuyaamini. Mwanangu, baba wa mtoto yule, aliniambia kwa upole kwamba kiti kinakula nafasi, kwamba kikivunjwa tutapata chumba cha duka la kupangisha, na kwamba, kwa hakika, si vizuri watu kutukuta tumekaa nje. Neno hilo la mwisho ndilo lililonijulisha kwamba tuhuma imekwisha ingia ndani ya nyumba. Wenzetu wengi wamekwisha vunja. Wengine wamehamia Nyali na Bamburi katika nyumba nzuri zenye kuta ndefu na vigae vya chupa juu yake, ambapo jirani humjua jirani kwa rangi ya gari lake, na mzee akizeeka huketi peke yake mbele ya televisheni. Wala hakuna mpita njia awezaye kuwaita wavivu, kwa kuwa hakuna awaonaye.

Mjukuu wangu sikumjibu kwa maneno. Usiku wa kuamkia Ijumaa nilimwamsha saa tisa kasorobo, tukashuka naye ufukoni karibu na Bandari ya Kale, giza likiwa bado zito, tukawakuta watu wasiopungua ishirini wakisukuma vyombo majini, maji yakiwafika kiunoni. Jirani yetu mvuvi alimwita kwa jina, akampa kamba aishike. Mtoto aliishika mpaka chombo kikaelea. Tulipokuwa tukirudi alinihesabia vidoleni saa zilizobaki hata saa nne.

Kwako wewe ujengaye nyumba mpya Kisauni au Likoni, Tanga au Unguja, ninalo ombi moja: upimapo msingi, acha nje ya ukuta wako dhiraa mbili za kiti, uliweke paa dogo la kivuli juu yake, wala usiulize nani atakuja kuketi. Kiti changu hakitavunjwa maadamu mimi ni hai, wala baada yangu, na nimeliandika hilo katika wasia. Mwalimu yule wa mjukuu wangu naye ninamkaribisha. Akifika Mombasa aulize Kibokoni. Baraza yangu ina nafasi ya watu sita, nami huketi kuanzia saa nne.